Kumchagua Ng'ombe wa Maziwa na Nyama kwa Shamba Dogo



Katika ziara za ukaguzi mimi hufungua kwanza daftari la mikopo, kwa kuwa ndilo linaloeleza hali ya chama bila kuficha. Katika chama kimoja cha msingi cha ukanda wetu mkavu nilikuta ukurasa wenye majina tisa ya wanachama waliokopeshwa mitamba ya maziwa ya asili ya Ulaya. Mwaka wa kwanza safu ya marejesho ilijaa vizuri. Kiangazi cha pili kilipopita, majina manne yalikuwa na safu tupu, na mbele yake karani ameandika kwa mkono wake: "Ng'ombe amekufa." Mbele ya majina mawili mengine aliandika: "Ng'ombe ameuzwa."

Niliomba nipelekwe kwa mmoja wa wale wanne. Nilimkuta mzee mmoja akiwafunga maksai wake kwenye nira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Mkaguzi. Najua umekuja kwa ajili ya deni."

"Nimekuja kuuliza sababu, mzee wangu, wala sikuja kudai."

"Sababu ni nyepesi, mwanangu. Chama kilinikopesha mgeni, lakini chakula chake na maji yake hakikunikopesha. Nikimlisha yeye, maksai wanalala na njaa. Nikiwalisha maksai, yeye anakausha maziwa. Mwisho homa ya kupe ikamchukua, mimi nikabaki na deni."

Sijapata kusikia maelezo yaliyo wazi zaidi ya hayo katika mkutano wowote. Mzee yule hakuwa mvivu, wala ng'ombe yule hakuwa mbaya. Kosa lilikuwa kwamba chama kilichagua ng'ombe kabla ya kulitazama shamba. Kwa kuwa vyama kadhaa vya wanachama wetu vinatia tena suala la ng'ombe katika ajenda za mikutano mikuu, nimeona yafaa kueleza kwa taratibu jinsi mkulima mdogo anavyoweza kumchagua ng'ombe wa kazi mbili, yaani wa maziwa na nyama, na hasa kumweleza ng'ombe aina ya Mpwapwa, ambaye alifanywa hapa nchini kwa ajili ya nchi kavu kama yetu na ambaye wengi wetu tumemsahau.

SHAMBA KWANZA, NG'OMBE BAADAYE

Mkulima tunayemzungumzia hapa ana ekari chache za mtama, mahindi, alizeti na karanga. Mvua yake ni ya msimu mmoja, aghalabu milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, nayo hukatika mapema. Baada ya hapo huja miezi sita au zaidi ya kiangazi, ambapo ng'ombe huishi kwa mabua, nyasi zilizokauka na majani ya miti. Mkulima huyu anahitaji maziwa ya watoto na ya kuuza kidogo. Anahitaji dume la kulima, samadi ya shamba, na mnyama wa kuuza siku ya ada ya shule au ya ugonjwa.

Kwa mkulima wa namna hiyo, swali la "ng'ombe yupi hutoa maziwa mengi kuliko wote?" ni swali lisilo kamili. Swali lililo kamili ni hili: "Ng'ombe yupi atanipa maziwa ya kutosha, atazaa kwa wakati, na dume lake litafaa kwa nira na kwa nyama, kwa chakula na maji niliyo nayo mimi mwezi wa Oktoba?" Nimeutaja mwezi wa Oktoba kwa makusudi. Mwezi wa Machi kila ng'ombe ni mzuri.

Wako watakaosema kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba ng'ombe wa kazi mbili hawezi kuifanya hata moja sawasawa. Ni kweli kwamba hatamshinda Friesian kwa ndoo ya maziwa, wala hatamshinda Boran kwa uzito buchani. Lakini katika kila ndama wawili wanaozaliwa, mmoja kwa wastani ni dume. Mwenye ng'ombe wa maziwa peke yake, ambaye dume lake ni dogo la nyama na lisilostahimili jua la shambani, hupata hasara kila azaapo dume. Kwa mkulima mdogo, dume ni nusu ya mapato, na nusu hiyo haifai kutupwa.

NG'OMBE WANAOPATIKANA KWETU

Hebu tuwapitie kwa ufupi wale ambao mwanachama anaweza kuwapata.

Wa kwanza ni Zebu wetu wa asili mwenye pembe fupi, ambaye ndiye wengi kabisa nchini. Anajulikana kwa majina ya mahali: Singida Mweupe, Iringa Mwekundu, ng'ombe wa Wagogo, wa Mbulu, wa Tarime na wengineo. Ni mdogo, hustahimili kupe, njaa na kiu, na dume lake hulima vizuri. Upungufu wake ni maziwa: baada ya ndama kunyonya, mwenye ng'ombe hupata lita moja au mbili tu kwa siku, na hukauka mapema.

Wa pili ni Boran, mwenye asili ya Borana kusini mwa Ethiopia, aliyeboreshwa sana na wafugaji wa Kenya. Huyu ni ng'ombe wa nyama aliye imara, na hapa kwetu hufugwa sana katika ranchi. Maziwa yake humtosha ndama, na kwa kawaida hakuna mengi ya kuuza.

Wa tatu ni Sahiwal. Asili yake ni Punjab, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Aliingizwa Kenya kuanzia mwaka 1939, na baadaye kundi la taifa likawekwa Naivasha. Wafugaji wa Kimaasai wa Narok na Kajiado wamemtumia kuboresha ng'ombe wao. Ana nundu, ni mwekundu, hustahimili joto, na miongoni mwa ng'ombe wenye nundu yeye ni wa mbele kwa maziwa.

Wa nne ni ng'ombe wa Ulaya, kama Friesian na Ayrshire. Penye baridi, mvua ya kutosha, majani mabichi mwaka mzima na soko la maziwa la kila siku, hao hawana mpinzani, nao wamewafaa wanachama wenzetu wa Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini. Taabu huanza wanaposhushwa kwenye joto na vumbi.

Wa tano ni chotara wa ng'ombe wa Ulaya na Zebu wetu. Chotara wa kizazi cha kwanza ni ng'ombe mzuri sana: hutoa maziwa mara kadhaa kuliko mama yake na huchukua sehemu ya ustahimilivu wake. Lakini hapa lipo swali ambalo vyama husahau kuliuliza: je, chotara huyo atapandwa na dume gani? Akipandwa na dume la Ulaya, ndama ana robo tatu ya damu ya Ulaya, na shida ya chakula na kupe inarudi. Akipandwa na dume la kienyeji, maziwa yanashuka. Akipandwa na chotara mwenzake, nguvu ile ya kizazi cha kwanza hupungua, na ndama hutoka wa kila namna. Chotara anamtaka mwenye kufuga apange mapema dume la kila kizazi, na wengi wetu hatuna mpango huo.

Wa sita ni Mpwapwa, ambaye alifanywa ili kulijibu swali hilo hasa.

ASILI YA NG'OMBE WA MPWAPWA

Mji wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, umekuwa na kituo cha mifugo tangu mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilipojengwa maabara ya magonjwa ya wanyama. Baadaye wataalamu wa kituo hicho walianza kuwapandisha Zebu wa kienyeji kwa madume ya aina nyingine, wakitafuta ng'ombe atakayemfaa mkulima wa katikati ya nchi. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Kufikia mwaka 1958 walikuwa na kundi ambalo mchanganyiko wa damu yake ulikuwa hivi: Sindi Mwekundu asilimia 32, Sahiwal asilimia 30, Zebu wetu mwenye pembe fupi asilimia 19, Boran asilimia 10, ng'ombe wa Ulaya, hasa Ayrshire, asilimia 8, na Ankole asilimia 1.

Tuzitazame tarakimu hizo kwa makini, kwa kuwa zinaeleza nia ya waliomfanya. Sindi Mwekundu na Sahiwal, wote wenye nundu na wote kutoka nchi za joto za Bara Hindi, ndio walioleta maziwa. Zebu wetu na Boran walileta ustahimilivu na nyama. Damu ya Ulaya ilitiwa kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi, kama chumvi katika mchuzi. Shabaha iliyowekwa ilikuwa mbuguma awezaye kutoa kilo 2300 hivi za maziwa kwa mnyonyesho mmoja, na dume lenye nyama ya kutosha buchani.

Msomaji asiichukue shabaha hiyo kuwa ahadi. Ilikuwa lengo la kituo chenye malisho na uangalizi, na katika zizi la mkulima maziwa huwa chini ya hapo. Lakini jambo kubwa limebaki: Mpwapwa akipandwa na Mpwapwa mwenzake huzaa Mpwapwa. Mchanganyiko umekwisha kutulia, na mkulima hahitaji kutafuta dume la aina nyingine kila kizazi. Kundi la aina hiyo bado hutunzwa huko huko Mpwapwa, katika kituo ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI.

HESABU YA NDOO NA HESABU YA MABUA

Wanachama wengi humpima ng'ombe kwa ndoo ya asubuhi. Mimi nawaomba mumpime kwa miaka saba. Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila chama kiweke za kwake.

Ng'ombe A ana uzito wa kilo 500. Hutoa wastani wa lita 8 kwa siku 300, yaani lita 2,400 kwa kila mnyonyesho. Ng'ombe B ana uzito wa kilo 300. Hutoa wastani wa lita 5 kwa siku 270, yaani lita 1,350. Kwa hesabu ya ndoo, A amemwacha B mbali.

Lakini ng'ombe mwenye njaa hachelewi kukonda, na aliyekonda hashiki mimba. Kama kiangazi humkondesha A hata akazaa kila baada ya miezi 24, na B akazaa kila baada ya miezi 14, basi katika miezi 84 tangu walipozaa mara ya kwanza A atakuwa amezaa mara 4 na B mara 6. Maziwa ya A ni lita 9,600 na ya B ni lita 8,100. Tofauti ni lita 1,500 kwa miaka saba, ambayo ni kama lita 0.6 kwa siku. Kwa upande wa pili, B amezidi ndama wawili.

Sasa tuongeze hesabu ya mabua. Ng'ombe hula kila siku chakula kikavu cha kadiri ya asilimia 3 ya uzito wake, yaani uzito wa malisho baada ya maji yake kutoka. A anataka kilo 15 kwa siku, B kilo 9. Kwa kiangazi cha siku 180, A anataka kilo 2,700 na B kilo 1,620. Tofauti ni kilo 1,080 za mabua na nyasi, zinazotakiwa zivunwe, zibebwe na zihifadhiwe zisioze wala zisiliwe na mchwa. Maji nayo ni vivyo hivyo: ng'ombe mkubwa anayekamuliwa wakati wa joto huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, ambazo ni ndoo tatu kubwa. Kama maji huchotwa na mama wa nyumba kutoka kisima cha mbali, ndoo hizo ziandikwe katika hesabu, ingawa hazina stakabadhi.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Kama mwanachama ana matete au lusina za kukata, mashudu ya alizeti karibu, maji uani na josho linalofanya kazi, A naye atazaa kila baada ya miezi 14. Hapo atazaa mara 6 na kutoa lita 14,400, na B hatamfikia kamwe. Mwanachama huyo amchague A, na chama kisimzuie. Ninachokataa ni kumkopesha A mtu mwenye shamba la B.

NAMNA YA KUMTAZAMA MNYAMA MWENYEWE

Aina ya ng'ombe hukupa matumaini tu. Mnyama uliyemnunua ndiye utakayeishi naye. Ndani ya kila aina wamo wabaya. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, kamati iende na Afisa Mifugo, na yatazamwe mambo yafuatayo:

(a) Umri na meno. Mbuguma wa ndama wa kwanza au wa pili anafaa kuliko mtamba ambaye hajulikani kama anashika mimba. Ng'ombe aliyechakaa meno hatakula mabua.

(b) Kiwele. Kiwe laini, chenye chuchu nne zilizo sawa, zisizo nene mno wala ndogo mno. Akamuliwe mbele yenu, na maziwa ya kila chuchu yatazamwe kama yana mabonge au damu.

(c) Miguu na kwato. Ng'ombe wa kwetu hutembea kwenda malishoni na majini. Mwenye kwato ndefu zilizopinda hatafika.

(d) Mwili wa kiangazi. Ikiwezekana mnunuliwe mwishoni mwa kiangazi. Ng'ombe ambaye bado ana nyama mgongoni wakati huo amekwisha kutoa ushahidi wake, na bei yake pia huwa nafuu.

(e) Mama yake na ndugu zake. Waulizeni wenyewe mama alizaa mara ngapi na kwa miaka mingapi. Mbuguma aliyezaa ndama saba na kuwalea wote ana thamani kuliko aliyetoa lita nyingi mwaka mmoja.

(f) Afya. Apimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Afisa Mifugo athibitishe kwamba hatoki penye homa ya mapafu au ugonjwa wa midomo na miguu, na kibali cha kusafirisha kipatikane. Mahali penye ndigana kali, iulizwe chanjo yake. Mnyama atokaye pasipo na kupe hufa haraka akiletwa penye kupe, hata kama ni wa aina ngumu.

Jambo moja zaidi kwa wale waliozoea ng'ombe wa Ulaya. Ng'ombe wenye damu nyingi ya nundu, Mpwapwa akiwamo, wengi wao hawaachii maziwa bila ndama kuanza kunyonya. Mkulima asiyelijua hilo humtenga ndama, na baada ya wiki chache hulalamika kwamba ng'ombe amekauka. Ndama aanze kunyonya, kisha ng'ombe akamuliwe, kisha ndama arudishwe kumalizia. Maziwa machache yanayobaki kwa ndama si hasara: ndiyo yatakayokuwa maksai au mtamba. Maziwa ya ng'ombe wa nundu pia yana mafuta mengi, na mama mwenye kusukasuka mtindi kwa ajili ya samli hulijua hilo upesi.

KAZI YA CHAMA: DUME

Mpaka hapa tumemzungumzia mwanachama mmoja mmoja. Lakini Mpwapwa halisi ni wachache, na si rahisi kila mwanachama kumpata mtamba wake. Njia iliyo ndani ya uwezo wa chama cha msingi ni kununua dume.

Dume moja zima huweza kuwahudumia mbuguma 25 hadi 30 wanaochungwa pamoja. Mbuguma wa kienyeji akipandwa na dume la Mpwapwa, ndama ana nusu ya damu ya Mpwapwa. Binti huyo akipandwa na dume jingine la Mpwapwa, ndama wake ana robo tatu, na kizazi cha tatu kina sehemu saba katika nane. Kundi lote hubadilika pole pole bila mwanachama kumuuza ng'ombe aliyemrithi kwa baba yake, na ng'ombe wenyewe ni wale waliozoea mahali hapo.

Tafadhalini zingatieni neno "jingine." Dume lisimpande binti yake. Ndama wa baba na binti huwa dhaifu, hukua taratibu, na uzazi wao ni wa shida. Hivyo basi, dume likae katika chama kwa miaka mitatu hivi, kisha litolewe kabla binti zake hawajaanza kupandwa. Vyama viwili au vitatu jirani vikipatana, kila kimoja kinunue dume lisilo ndugu wa lile la mwenzake, na baada ya kila miaka mitatu yabadilishwe. Kwa gharama ya dume moja, chama kitatumia madume matatu kwa miaka tisa, mradi yanapimwa magonjwa ya uzazi kabla ya kila mabadiliko na lililozeeka linauzwa na kununuliwa jingine. Patano la namna hiyo liandikwe na kutiwa sahihi. Lisiachwe katika maneno ya wenyeviti, ambao hubadilika.

Pale ambapo mhimilishaji hufika, mbegu ya dume bora yaweza kutumiwa badala ya dume lenyewe. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, na Afisa Mifugo ataeleza ni mbegu za aina gani zinapatikana kwa wakati huo. Lakini uhimilishaji unamtaka mwenye ng'ombe atambue siku ya joto na kupeleka habari mapema. Ng'ombe aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Ikipita hapo, ni kungoja siku 21 nyingine.

Daftari la dume nalo ni la lazima. Si la kitaalamu: tarehe ya kupandwa, jina la mwenye ng'ombe, alama ya ng'ombe, tarehe ya kuzaa, jinsia ya ndama na baba yake. Bila daftari hilo, baada ya miaka minne hakuna ajuaye binti ni wa dume gani. Vyama ambavyo huandika kila gunia la alizeti havitashindwa kuandika ndama.

MKOPO UENDE KWA MWENDO WA NG'OMBE

Hapa narudi kwenye kazi yangu mwenyewe. Dume likinunuliwa leo na kupanda mwezi huu, ndama atazaliwa baada ya miezi tisa na siku kadhaa. Mtamba huyo, kwa malisho yetu, atazaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu au minne. Maana yake ni kwamba lita ya kwanza ya maziwa ya damu mpya itaonekana zaidi ya miaka minne baada ya fedha kutoka. Chama kinachokopa kununua dume na kuahidi kulipa kwa maziwa ndani ya mwaka mmoja kimeandika ahadi isiyoweza kutimizwa.

Kwa hiyo dume linunuliwe kwa akiba ya chama au kwa michango ya wale watakaolitumia, na ada ndogo ya kila mbuguma aliyeshika mimba itosheleze dawa na matunzo ya dume. Ikiwa lazima mkopo utolewe kwa mwanachama kununua mbuguma, marejesho yafuate misimu yake: kiasi kidogo wakati wa maziwa, na kiasi kikubwa baada ya mavuno au mauzo ya dume. Na fomu ya mkopo iongezewe maswali manne kabla ya sahihi ya mdhamini: Una mabua kiasi gani? Maji yako wapi? Josho liko wapi? Nani atamchunga? Mwanachama asiyeweza kuyajibu asinyimwe mkopo kwa dharau, bali asaidiwe kuyapata majibu kwanza.

HITIMISHO

Aina ya ng'ombe hudumu kwa kutumiwa. Kazi ya miaka mingi iliyofanywa Mpwapwa haitalindwa na maandishi ya kituo peke yake, ikiwa hakuna mkulima anayelitafuta dume lake. Tukiendelea kuwapandisha mbuguma wetu na dume lolote lipitalo njiani, tutampoteza Mpwapwa, na pamoja naye tutampoteza Zebu wetu aliyechangia damu yake. Kisha watoto wetu wataanza upya kutafuta jambo lililokwisha kupatikana.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba kila chama cha msingi cha ukanda mkavu kiweke katika ajenda ya mkutano mkuu ujao mambo matatu: kwanza, hesabu ya malisho na maji ya wanachama wake wakati wa kiangazi, pili, patano la dume na vyama jirani, tatu, daftari la ndama. Baada ya hayo matatu ndipo iulizwe bei ya ng'ombe.

Mzee yule niliyemtaja bado ana deni. Kamati ya chama chake ilikubali kuligawa kwa misimu mitatu ya mavuno, na yeye ameomba jina lake liwe la kwanza katika orodha ya watakaolitumia dume la chama, kwa ajili ya mbuguma wake mmoja wa kienyeji. Nilimwuliza kama haogopi tena. Akanijibu, "Huyu wangu nimekwisha kumwona Oktoba."